Kuipima injini ya Caravan kwenye kiwanja cha juu: ninavyofanya Songwe

Mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, spana iliyolala sandukuni usiku kucha hapa kiwanja cha ndege cha Songwe, Mbeya, huwezi kuishika kwa mkono mtupu. Ukungu ukichelewa kupanda, ndege haziji, nasi tunapata saa moja au mbili za kuisikiliza injini bila rubani kutuharakisha. Saa hizo ndizo ninazotumia kufundishia. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia vijana wanaoanza kazi pamoja nami, na yanahusu injini moja tu: PT6A-114A inayokaa puani mwa Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Ndiyo tunayokutana nayo sana huku Nyanda za Juu Kusini, kati ya Songwe, Nduli ya Iringa na viwanja vya changarawe vya Ruaha. Kitabu cha matengenezo kikae wazi mezani muda wote, maana mimi siandiki badala yake.

Kwanza ijue injini yenyewe. Ina shafti mbili zisizoshikana. Nyuma kuna kompresa na tabaini inayoizungusha. Mbele kuna tabaini ya nguvu inayozungusha propela kupitia giaboksi. Kinachounganisha pande hizo mbili ni hewa moto tu. Hewa huingia nyuma, husukumwa na hatua tatu za kompresa ya mapezi na moja ya kurusha pembeni, huungua, kisha hutokea mbele. Kwa hiyo kompresa inaweza kuwa inazunguka zaidi ya mara 37,000 kwa dakika wakati propela iko 1,900. Ukiwa na picha hiyo kichwani, geji zinaanza kueleweka: toki ni nguvu inayofika kwenye propela, Ng ni asilimia ya mzunguko wa kompresa, ITT ni joto la gesi katikati ya tabaini hizo mbili, na ya nne ni mafuta yanayotumika, paundi kwa saa.

Sasa suala la mahali. Kijana aliyejifunzia Dar huja na namba za Dar kichwani. Kule kiwanja kiko karibu usawa wa bahari. Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu, Nduli zaidi ya 1,400, na kile kiwanja cha zamani cha Mbeya mjini kilipita 1,700. Mgandamizo wa hewa hapa Songwe ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Kompresa inameza hewa nyepesi, kwa hiyo ili kuleta toki ileile lazima izunguke zaidi, na ITT nayo ipande. Mchana wa mwezi wa kumi, jua likiwa limeipiga eproni, yaani zege la kuegeshea ndege, tangu asubuhi, injini nzima kabisa inaweza kugusa kikomo cha ITT cha nyuzi 805 kabla ya kufikisha toki kamili ya 1,865. Hiyo si hitilafu. Nimeona watu wakiifungua injini isiyo na kosa kwa sababu walilinganisha na namba walizokariri pwani.

Kabla hujawasha, kwa hiyo, pima hewa. Ingia chumba cha rubani, zungusha kidude cha altimita mpaka dirisha lake lisome 1013, kisha andika futi inazoonesha. Huo ndio mwinuko wa kimgandamizo wa saa ile, nao hubadilika siku hadi siku. Kisha joto. Geji ya joto ya ndege iliyosimama juani juu ya zege usiiamini. Inasoma joto la zege. Mimi natundika kipimajoto kivulini, chini ya bawa, mbali na injini, na nasubiri kitulie. Kosa la nyuzi tano hapo linakuharibia hesabu zote zinazofuata. Kwa namba hizo mbili unaingia kwenye jedwali la kitabu, nalo linakuambia toki gani injini nzima inapaswa kutoa hapa, leo, saa hii.

Kuwasha

Elekeza pua kwenye upepo, weka chogi za kuzuia magurudumu, fagia changarawe mbele ya propela, na mtu mmoja asimame na mtungi wa moto mahali mnapoonana. Angalia betri. Baada ya usiku wa kipupwe betri ya volti 24 inaweza kuonekana nzima, lakini ikibanwa na stata, mota ya kuwashia injini, inazama. Stata dhaifu inazungusha kompresa polepole, hewa haitoshi, na mafuta yakiingia moto unakuwa mkubwa kuliko hewa ya kuupoza. Wengi wa wanaoniambia kwamba injini inawaka na joto kali, nawauliza habari za betri kwanza. Ukiwa na mtambo wa umeme wa nje, utumie.

Ng isipofika asilimia 12 usifungue mafuta. Ukifungua, macho yasitoke kwenye ITT. Kikomo cha kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde mbili tu; ukiona sindano inakimbilia huko, funga mafuta mara moja na uache stata iendelee kuzungusha ili hewa ipoze. Usingoje uhakikishe. Ikiwaka vizuri, Ng itapanda yenyewe hadi kwenye 52 na kutulia. Ikikwama 35 au 40 huku ITT ikipanda taratibu, funga pia: aidha stata imeachia mapema, au hewa ya ishara haifiki kwenye kidhibiti mafuta, na hilo nitalirudia.

Isipowaka kabisa ndani ya sekunde kumi, funga mafuta. Msaidizi wako akwambie alichoona kwenye bomba la moshi upande wa kulia. Kama ulitoka ukungu mweupe wa mafuta, mafuta yapo na cheche hazipo. Kama halikutoka kitu, kosa liko upande wa mafuta. Kusikiliza cheche ni rahisi: mafuta yakiwa yamefungwa, washa swichi ya igniti na usimame karibu na kava ya injini. Utasikia ta-ta-ta ya plagi mbili. Kukiwa na mlio mmoja dhaifu, plagi moja imekufa. Lakini usiishike waya hata moja mpaka umezima na kusubiri dakika kadhaa kama kitabu kinavyotaka. Umeme unaobaki kwenye kisanduku kile unaua mtu. Na stata ina mapumziko yake: ukitumia betri ni sekunde 30 kuzungusha, 60 kupumzika, mara tatu, kisha nusu saa nzima bila kuigusa.

Soma namba zote kwa pamoja

Injini ikishapata joto, weka propela 1,900, sogeza toki hadi ile ya jedwali, na usubiri mpaka sindano zitulie. Ndipo uandike Ng, ITT na mafuta. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu huwa na haraka.

Kwa toki ileile, kama ITT, Ng na mafuta vyote vitatu vimepanda kuliko kawaida ya injini hiyo, tazama upande wa baridi: kompresa chafu, mapezi yaliyoliwa na vumbi, au hewa inayovuja baada ya kubanwa. Kama ITT na mafuta vimepanda lakini Ng imeshuka, kosa liko upande wa moto, kwenye tabaini na pete zake. Hapo andaa kamera ya kuchungulia ndani. Kama ni namba moja tu iliyohama na nyingine zimetulia, usiguse injini. Shuku geji, waya na vihisi vyake. Injini haiwezi kupandisha joto peke yake bila mafuta kuongezeka.

Mwaka mmoja mwezi wa sita namba za ndege moja zilipanda zote tatu, safari baada ya safari. Tulikubaliana kuosha kompresa, tukaosha, hazikushuka. Nikaomba nikae nyuma ya rubani kwenye safari moja ya asubuhi. Kabla hata ya kukimbia kwenye njia ya kurukia aliwasha hita ya chumba. Hita ya Caravan inachota hewa moto kutoka kwenye kompresa. Kila anayeota moto kule mbele anaiba hewa ya injini. Mwezi wa tatu hakuna anayeiwasha, kipupwe kikiingia Mbeya wote wanaiwasha, na karatasi yetu ikasema kompresa inakufa. Tangu siku hiyo, karatasi yangu ina sehemu ya kuandika hita ilikuwa imewashwa au imezimwa. Ina pia sehemu ya mlango wa kuchujia vumbi. Rubani anayetua Msembe, kiwanja cha Ruaha, huuweka kwenye hali ya kukwepesha vumbi, kama inavyotakiwa, na kwa hali hiyo toki hushuka na ITT hupanda. Akisahau kuurudisha kisha akaandika namba angani, anakuletea ugonjwa usiokuwepo.

Injini isiyopewa chakula

Kuna hali nyingine: wenzo umesukumwa mbele mpaka mwisho, toki haifiki, na ITT, Ng na mafuta vyote viko chini. Hiyo injini haiumwi. Haipewi mafuta ya kutosha, basi.

Nilijifunza hili kwa gharama, nikiwa kwa mwajiri wa zamani. Ndege ilirudi kutoka porini na lalamiko kwamba nguvu inakuja kwa kuchelewa na haifiki. Tulikimbilia kidhibiti mafuta. Kikaagizwa kutoka nje, ndege ikakaa chini wiki mbili na ushee, tukafunga kipya, tukawasha: vilevile. Fundi mzee mmoja alikuja na kopo la maji ya sabuni na brashi ya rangi ya inchi moja. Alifungua bomba jembamba la hewa linalotoka kwenye kasha la kompresa kwenda kwenye kidhibiti mafuta, akaziba ncha moja, akaingiza hewa ya hanga kidogokidogo kupitia regyuleta, akapaka sabuni pole pole kuanzia nati hadi nati. Kwenye pindo la bomba, chini ya klempu, likatokea povu dogo kama punje ya ulezi. Likavimba, likapasuka, likatokea jingine. Klempu ilikuwa imelegea, bomba limetetema miezi mingi mpaka likapata ufa usioonekana kwa macho. Kidhibiti mafuta hutumia hewa ile kujua kompresa inafanya kazi kiasi gani; ikivuja, kinadhani kompresa iko chini, nacho kinabana mafuta.

Kwa hiyo mpangilio wangu sasa ni huu. Kwanza mtu asukume wenzo, mimi nitazame kwa tochi kama mkono wa kidhibiti unagusa skrubu yake ya mwisho. Kisha filta ya mafuta. Kisha filta ya ile hewa ya ishara na bomba lake zima, kwa sabuni. Baada ya hapo, na si kabla, ndipo naruhusu mtu ataje kidhibiti.

Kuzima

Rudisha injini kwenye mzunguko wa chini, ITT itulie, iache angalau dakika moja, ndipo ufunge mafuta. Zima kila kinachopiga kelele na usikilize kompresa inavyokufa. Iteremke laini, bila mkwaruzo. Oili ipime muda mfupi baada ya kuzima. Ikilala usiku kucha hushukia giaboksi ya nyuma na kijiti hukudanganya kuwa imepungua. Plagi ya sumaku chini ya giaboksi ya mbele ifute kwenye kitambaa cheupe: unga mwembamba wa kijivu ni jambo la kuandika na kufuatilia, kipande chenye ncha ni jambo la kusimamisha ndege.

Kisha kaa chini uandike, injini ikiwa bado ina joto: futi za altimita kwenye 1013, joto la kivulini, upepo, hita, mlango wa vumbi, toki, Ng, ITT, mafuta, oili, na volti ya betri kabla ya kuwasha. Saini. Karatasi ya jana iwekwe chini ya ya leo, kona kwa kona, ili fundi wa kesho azione zote mbili kwa mtazamo mmoja.