Mtoto akikwambia "Mimi si msichana", anza hapa

Mama mmoja aliniletea bahasha ya kaki yenye nywele. Bintiye wa miaka 12 alikuwa amezikata usiku kwa makasi ya cherehani, akazificha chini ya mto. "Mwalimu, mwanangu karogwa?"

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha hapa Kisauni, Mombasa, na mengine nimejifunza kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza mtoto aliniambia siri ya kutojiona wa jinsia aliyozaliwa nayo, nikampigia babake simu kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia. Hakunisemesha tena mpaka akamaliza shule.

Kwa hivyo usikimbie popote kwanza, si kwa sheikh, si kwa mchungaji, si kwa daktari. Keti naye jikoni mchambue mchicha. Macho yakiwa kwenye kazi, ulimi hulegea. Muulize, "Ni nini kinakuuma zaidi?" Kisha nyamaza, hata kimya kikikuchoma. Binti wa zile nywele alisema tangu mdogo akijiona mvulana, na sasa matiti yameanza kumea, wavulana wa mtaani wanamzomea akitumwa dukani. Huko kuzomewa kungeweza kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Dhiki hii, ya mtoto kuona mwili wake haulingani na jinsia anayojihisi, wataalamu huiita disforia ya kijinsia. Si sawa na kuzaliwa huntha, jambo la maumbile ya mwili.

Halafu tafuta mwanasaikolojia wa watoto. Ukikosa pa kuanzia, 116 ni simu ya bure ya watoto. Muulize atamwona mtoto mara ngapi kabla ya kutoa kauli, na kama ataangalia pia usingizi, huzuni, usonji na uonevu shuleni. Anayeahidi kumgeuza mtoto aache kujiona hivyo kwa vikao vitatu, ondoka. Anayekata shauri siku ya kwanza, ondoka vilevile.

Utasikia mabishano, na ni ya kweli. Daktari Hilary Cass wa Uingereza alisema katika ripoti yake ya Aprili 2024 kwamba ushahidi wa dawa za kusimamisha balehe kwa watoto wenye dhiki hii ni dhaifu. Finland tangu 2020 hutanguliza msaada wa kisaikolojia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishikilia mwaka 2023 msimamo wake wa 2018 wa kuunga mkono utambulisho wa mtoto. Hata juu ya ushauri wenyewe wanavutana: wapo wanaohofia kwamba kumdadisi mtoto ni kumgeuza kwa mlango wa nyuma, na wapo wanaohofia kwamba kumkubalia upesi ni kumfungia njia. Mimi naona mtoto apewe muda, na asidhalilishwe hata siku moja. Suruali na nywele fupi hazimdhuru, mwachie.

Akitaja kufa, au ukiona mikato mkononi, usingoje miadi. Hospitali siku hiyo hiyo, na makasi yafungiwe.

Yule mama alimpeleka bintiye saluni jioni ile, akasawazishwa kichwa. Miadi ya kwanza ilikuwa Jumanne saa nne, na alikuja naye mapema.