Kabla Hujabandika Sufuria ya Achari

Mvua ya masika ikikubali huku Nakuru, bustani ndogo ya nyuma ya nyumba humzidi mwenyewe nguvu. Nyanya zinaiva zote kwa wiki moja, kabeji zinapasuka vichwa, hoho zinainamisha matawi. Ukipeleka debe soko la Wakulima unakuta kila mtu kaleta lake, na bei hairudishi hata nauli. Jirani huwezi kumgawia, naye zimemjaa. Hapo ndipo watu hukumbuka achari. Ni wazo ninalolipenda sana, kwa sababu kijiko cha achari nzuri kando ya ugali na ngege wa kukaanga hufanya mlo wa kawaida kuwa wa wageni. Lakini achari si kachumbari. Kachumbari hukatwa na kuliwa papo hapo; achari itakaa kabatini miezi kadhaa, kisha watoto waifungue bila kuuliza ilitengenezwaje. Usalama wake unaamuliwa na maandalizi, kabla jiko halijawashwa.

Anza na siki. Geuza chupa dukani usome lebo, utafute asilimia ya asidi. Unayoitaka ni ya asilimia 5. Zipo za asilimia 4, na zipo ambazo hazikuandikwa chochote. Hizo zitumie kwa saladi, usizitegemee kuhifadhi chakula. Sababu ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake zimo udongoni, kwa hiyo zimo pia kwenye karoti na vitunguu vya shamba lolote, na maji yanayochemka hayaziui. Zikifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa wala uchachu wa kutosha, huamka na kutoa sumu inayolemaza misuli, ikiwemo misuli ya kupumua. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, basi usijidanganye kwamba utaionja uitambue. Kinachoizuia ni uchachu, nao hupimwa kwa namba iitwayo pH, ambayo hushuka kadiri uchachu unavyozidi: ikiwa chini ya 4.6, bakteria huyo haoti. Nyanya hukaa karibu na mpaka huo. Kabeji, karoti, hoho na vitunguu ziko juu yake, na siki ndiyo inayozishusha zote.

Kwa hiyo kipimo cha siki hakikadiriwi kwa jicho, wala hakipunguzwi maji kwa kuwa mzee hapendi uchachu. Ikikuwia kali, ongeza sukari. Bizari, tangawizi kavu na mbegu za haradali ongeza au punguza upendavyo, ila vitunguu na hoho visizidi kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo ya upishi unayofuata, maana kila kipande cha ziada kinapunguza nguvu ya siki. Maji ya ndimu ulizochuma mwenyewe nayo yasichukue nafasi ya siki, kwani ukali wake hutofautiana tunda kwa tunda. Ili ujue ununue kiasi gani: mchanganyiko wa nyanya mbichi, kabeji, hoho na vitunguu wa kujaza chupa 9 za robo lita hutumia siki ya lita moja na kidogo. Nunua ya kutosha kabla ya kuchuma. Siki ikiisha katikati ya kazi, mtu hushawishika kujaliza na maji.

Jambo hili linalofuata nawaambia hasa wenzangu wa Kakamega, Bungoma, Vihiga na pande za ziwa. Tumezoea kulainisha kunde, mrenda na mitoo kwa munyu wa majivu au kwa magadi. Kwenye mboga ya jioni hakuna neno. Kwenye achari ni hatari, kwa kuwa munyu na magadi hupambana na asidi na kuimaliza. Utaona povu likipanda, kisha sufuria itulie, na ulinzi wote uliolipia dukani umekwenda na lile povu. Mwiko na chungu cha munyu vikae mbali siku hiyo. Na mboga za majani zenyewe, kwa maana ya osuga, saga, kunde na sukuma wiki, zisiingizwe chupani hata kidogo. Zikizidi, zianikwe zikauke kama walivyofanya bibi zetu.

La pili kwa uzito ni mwinuko wa mahali unapoishi. Maelekezo mengi ya kuchemsha chupa zilizojazwa yameandikwa kwa watu wa pwani, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakifika kama nyuzi 94. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni kama nyuzi 96. Maji yanaruka vilevile machoni lakini joto ni pungufu, na pengo hilo hufidiwa kwa kurefusha muda wa kuchemsha. Maelekezo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa achari za aina hii yanaongeza dakika 5 kwa aliye kati ya mita 305 na 1,830, na dakika 10 kwa aliye juu zaidi. Ikiwa karatasi yako ya maelekezo inasema dakika 10, wa Kisumu, Busia au Kakamega achemshe 15. Wa Nakuru, Molo au Eldoret achemshe 20. Hesabu inaanza maji yanapochemka vizuri huku yamefunika vifuniko kwa angalau sentimita mbili na nusu, si unapoinjika. Andika namba yako na kalamu nene uibandike ukutani.

Sasa vyombo. Sufuria nyingi majumbani mwetu ni za alumini, na siki inayotokota ndani yake huila. Achari hutoka na ladha ya chuma na rangi iliyofifia. Tafuta sufuria ya stenlesi, au ya enameli isiyobambuka, ukikosa, azima. Ya alumini haikosi kazi: ndiyo utakayochemshia chupa zilizofungwa, kwa kuwa ndani yake kuna maji tu. Weka kitambaa kilichokunjwa chini yake ili chupa zisigongane na kupasuka.

Chupa za jemu za zamani zinafaa zikiwa nzima. Pitisha kidole mdomoni mwa kila moja. Penye pengo, hata dogo kama punje ya mchele, haitafunga. Vifuniko ndivyo tatizo. Cha zamani chenye kutu, mbonyeo au harufu ya mayonizi hakina dhamana, kwa hiyo nunua vipya kwa wauzaji wa vifungashio mjini. Usipovipata, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, mle ndani ya wiki chache. Na kama huna vifuniko vipya wala friji, mawazo yangu ni kwamba mwaka huu uanike nyanya, achari ingoje.

Mboga zenyewe zichumwe siku hiyo au jana yake, ngumu, zisizo na madoa. Mvua na baridi zikileta ugonjwa wa bakajani, watu huvuna nyanya mbichi haraka kabla mche haujafa, na hilo ni sawa mradi tunda ni zima na mche bado uko hai. Zilizobaki kwenye mche uliokwisha kufa usizitumie, kwa sababu uchachu wake huwa umeshuka. Ikiwa ulipiga dawa, rudi kwenye lebo uangalie siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa nyingine huingia ndani ya tunda, na kuosha hakuitoi.

Panga kazi kuanzia jioni. Mboga zilizokatwa hulala na chumvi kwa muda wa takriban saa 12 ili zitoe maji, kisha hukamuliwa. Maji hayo yakibaki yatazimua siki. Chumvi ya madukani kwetu ina madini joto kwa mujibu wa sheria, na huenda ikafanya achari iwe na ukungu kidogo, jambo lisilo na madhara. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za Nakuru yana floridi nyingi ambayo kuchemsha hakuiondoi, hivyo tumia ya mvua au yaliyosafishwa. Pima mtungi wa gesi usiku huo. Ukitumia makaa, fungua madirisha, maana jiko litawaka saa nyingi na moshi usioonekana unaua.

Pilipili kali ikatwe na mtu mmoja aliyevaa glavu, watoto wakiwa nje.

Kuhusu kuuza, usichapishe lebo kabla hujafika kwa maafisa wa afya wa kaunti na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), kwani chakula kilichosindikwa na kufungwa kinahitaji alama ya ubora ya KEBS. Kwa matumizi ya nyumbani, tayarisha vipande vya karatasi vya kuandika tarehe na vilivyomo, na rafu yenye giza na baridi. Chupa zikae usiku kucha bila kuguswa, kisha asubuhi bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kilichotulia chini kiende rafuni. Kinachoruka kiende kwenye friji, kiliwe kwanza. Baadaye ukiona kuvu juu ya achari usiiondoe kwa kijiko na kuendelea kula, kwa sababu kuvu hupunguza uchachu wa chupa nzima. Imwage yote, mahali ambapo kuku hawafiki.