Jinsi ya kufikisha tatizo la makazi ya mtaa wenu hadi Baraza la Madiwani

Wengi wetu tukiwa na shida ya mtaa tunamkimbilia diwani. Tunampigia simu, tunamvizia msibani, tunamwandikia kwenye kundi la WhatsApp, naye anajibu "nimelipokea". Jambo linaishia hapo. Diwani akiingia barazani anahitaji karatasi ya kushika mkononi, na karatasi hiyo huzaliwa ofisi ya serikali ya mtaa. Nayaeleza haya kwa wakazi wa mijini Tanzania Bara wenye tatizo linalogusa kaya nyingi: njia iliyozibwa, mtaro unaomwaga maji kwenye nyumba za watu, au urasimishaji (kupima na kumilikisha viwanja kwenye makazi yaliyojengwa bila kupimwa) uliokwama baada ya watu kuchanga fedha zao.

Kabla ya yote, hakikisha unabisha mlango unaostahili. Ugomvi wa mpaka kati yako na jirani si kazi ya madiwani. Huo unaanzia Baraza la Ardhi la Kata, ambalo tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Majina haya yanafanana mno, na nimeshuhudia mzee mmoja akipeleka malalamiko ya uzio wa jirani kwa diwani kwa karibu mwaka mzima.

Mtaani: pigania ajenda, kisha pigania muhtasari

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mtendaji wa Mtaa, nakala kwa Mwenyekiti. Kwenye "Yah:" andika ombi lenyewe, kwa mfano "Yah: Ombi la kuingiza ajenda ya njia iliyozibwa kwenye mkutano wa mtaa". Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, urudi nayo nyumbani.

Utaambiwa, "Mama, hili tutaliweka kwenye mengineyo." Kataa kwa adabu. Mengineyo huja mwishoni, jua limeshapanda, nusu ya watu wameondoka na waliobaki wanatazama saa. Omba liwe ajenda yenye namba yake.

Siku ya mkutano nendeni wengi na kila mtu asaini mahudhurio. Kisha fuatilia muhtasari utakaoandikwa, maana kwa maoni yangu kazi yote inasimama au kuanguka hapa. Mtaani kwetu njia ambayo gari la kunyonya majitaka lilikuwa likipita ilizibwa kwa ukuta. Tulizungumza kwa uchungu sana mkutanoni, mama mmoja hata akalia. Muhtasari ulipotoka, sentensi yetu ilisomeka hivi: "Wananchi walilalamikia suala la barabara." Basi. Kata ilipoupokea haikuwa na la kufanya, kwani hakuna aliyeombwa kufanya chochote.

Mkutano uliofuata tulikwenda na sentensi yetu imeshaandikwa, tukamwomba mwenyekiti aisome na watu wanyooshe mikono: "Mkutano umeazimia kuiomba Halmashauri itume maofisa wa mipango miji na upimaji waje kuonyesha mipaka ya njia iliyopo kwenye mchoro wa urasimishaji, kabla ya kikao kijacho cha Baraza." Tazama tofauti. Kuna neno "umeazimia", kuna anayeombwa, kuna kazi ya kufanya, kuna muda. Muhtasari wa namna hiyo, wenye sahihi ya Mwenyekiti na Mtendaji, muhuri, na orodha ya mahudhurio nyuma yake, ndio unaotembea.

Kata: wahi kabla hawajakaa

Azimio la mtaa linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi huiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Mwulize Mtendaji wa Kata kikao ni lini na kama muhtasari wenu umeshafika. Swali hilo la pili ndilo lenye maana, kwa sababu karatasi hukaa mezani kwa mtendaji wa mtaa kwa sababu ndogo tu kama kukosa mtu wa kuipeleka.

Hesabu zako ziende na robo za mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1. Robo huisha Septemba, Desemba, Machi na Juni, na kamati pamoja na Baraza hukaa kupokea taarifa za robo iliyopita. Ukifika kata wameshakaa, subiri miezi mitatu mingine. Mwaka wa uchaguzi mkuu Baraza huvunjwa, kwa hiyo jambo lenu lifike mapema.

Halmashauri: masjala na kamati

Sambamba na njia ya kata, andika barua kwa Mkurugenzi, "Kupitia kwa" Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata, ukiambatanisha muhtasari. Ipeleke masjala, ofisi inayopokea na kutunza barua, uombe namba ya jalada. Ukirudi bila namba hiyo utaambiwa "barua inafanyiwa kazi" na hutakuwa na la kujibu. Ukitakiwa kulipia chochote, omba namba ya malipo ya serikali na risiti. Fedha ya mkononi usitoe.

Mambo ya ujenzi na viwanja hupitia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira kabla ya kufika Baraza. Wananchi hawaingii huko ila kwa mwaliko, ingawa uamuzi wenyewe mara nyingi hupikwa huko. Mwombe diwani wako akutajie wajumbe wa kamati hiyo, uzungumze nao mapema.

Barazani: kaa, sikiliza, andika

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Tarehe hubandikwa kwenye mbao za matangazo za halmashauri; usipoiona, mwulize Mtendaji wa Kata. Fika mapema, viti vya wageni huwa vichache. Huruhusiwi kuzungumza, na simu iwe kimya. Baraza likijigeuza kuwa kamati, yaani likitaka kujadili jambo faraghani, mtatolewa nje. Msibishane na askari.

Kwa kawaida siku ya kwanza madiwani husoma taarifa za kata zao na siku ya pili hujadili taarifa za kamati. Usikilize kama diwani wako amelitaja jambo lenu kwa jina la mtaa, na Mkurugenzi au mkuu wa idara amejibu nini hasa. Andika neno kwa neno. Ahadi ya "tutalifanyia kazi" iandike hivyo hivyo, pamoja na saa.

Kikao kikishapita, omba kwa barua nakala ya sehemu ya muhtasari inayohusu mtaa wenu, ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ukikataliwa, unaweza kuomba mkuu wa taasisi aupitie uamuzi huo.

Kikao kinachofuata rudi tena. Ajenda ya "yatokanayo" ndipo Baraza huulizana yaliyotekelezwa. Kwetu, maofisa walikuja na futi yao, wakapima mara mbili, wakapiga alama ya X nyekundu ukutani. Ukuta bado umesimama. Lakini sasa uko kwenye yatokanayo, na kila robo kuna mtu anayelazimika kusimama na kueleza kwa nini.