Asilimia 100 ya ulemavu: namna ya kupata kitambulisho cha jeshi Marekani

Mara ya kwanza nilipoenda kuomba kadi hii, nilirudishwa dirishani kwa sababu cheti chetu cha ndoa kilikuwa nakala. Mke wangu alikuwa amechukua ruhusa kazini siku hiyo. Kwa hiyo nasisitiza: bebeni vyeti halisi, vyote.

Anza na barua ya VA, idara inayowahudumia wanajeshi wa zamani. Isome neno kwa neno kabla ya kutoka nyumbani. Lazima iseme kwamba ulemavu wako unatokana na utumishi na kwamba ni asilimia 100, au kwamba unalipwa kwa kiwango hicho kwa sababu huwezi kufanya kazi. Barua inayotaja kiasi cha malipo tu haitoshi. Ongeza fomu ya DD 214, yaani hati ya kutoka jeshini, na vitambulisho viwili, kimoja chenye picha. Weka miadi mtandaoni katika ofisi ya vitambulisho, maarufu kama RAPIDS. Mwenzi na watoto nao wana haki ya kadi, ila kwanza waandikishwe kwenye DEERS, kumbukumbu za jeshi za wanajeshi na familia zao, kwa vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa.

Wewe mwenye asilimia 30, au hata 10, usikate tamaa. Tangu Januari 1, 2020, ulemavu wowote uliotokana na utumishi unakufungulia maduka ya kambini, yaani commissary (la vyakula) na exchange (la bidhaa nyingine). Hupewi kadi ya jeshi; unaonyesha kadi yako ya afya ya VA getini. Piga simu kambini kwanza, maana kila geti lina utaratibu wake.