Kabla hujawasha kinasa sauti: namna ya kuwaketisha mtafiti na mwandishi meza moja

Mara ya kwanza niliposoma utabiri wa msimu redioni hapa Mbeya, nilisema "mvua zitakuwa za wastani", nikaendelea na salamu za wasikilizaji. Jioni mzee mmoja wa Chimala akapiga simu. "Mwanangu, umesema mvua za wastani. Kwa hiyo mwaka huu ni njaa?"

Sikumwelewa mpaka nilipokata simu. Kwake yeye wastani ni yule mtoto aliyeleta C nyumbani: hajafeli, lakini hakuna wa kumchinjia kuku. Kwa mtaalamu wa hali ya hewa, wastani ni hesabu ya miaka 30 ya mahali hapohapo, na mvua ya wastani kwa kawaida ni habari njema. Mzee hakukosea, na mtaalamu hakukosea. Niliyekosea ni mimi niliyesimama katikati nikapitisha neno kama lilivyo.

Siku hizi ninawakutanisha waandishi wa redio za huku na watafiti wa mazao, maji na hali ya hewa. Hizi ndizo hatua ninazofuata. Nimeziandika nikidhani wewe ndiye unayealika, uwe mtayarishaji wa vipindi, afisa ugani au mtafiti kijana uliyechoka kunukuliwa vibaya.

Hatua ya 1: Chagua uamuzi kwanza, mada baadaye

Usiwaite watu waje kuzungumzia "mabadiliko ya tabianchi". Wote watakubaliana kwamba ni tatizo, mtakunywa chai, mtaagana. Tafuta uamuzi ambao msikilizaji anapaswa kuufanya wiki hizi. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wake mwishoni mwa Oktoba. Wakati huo mkulima wa Mbozi anachagua kati ya mbegu ya mahindi ya muda mrefu na ya muda mfupi. Mwenye shamba la mpunga Kyela anawaza mafuriko. Andika uamuzi mmoja kwa sentensi moja, uwatumie wote wawili kabla ya kikao.

(Hapa nitoe dukuduku langu. Kila mwaka kuna chumba cha habari kinachonakili taarifa ya "mvua za vuli" kutoka Dar es Salaam na kuisoma huku kama ilivyo. Vuli si yetu. Mtu wa Njombe anakijua kifuku chake, huo msimu wetu mmoja wa mvua. Ukimtangazia vuli unampotosha.)

Hatua ya 2: Nusu saa bila kurekodi

Mwandishi hafiki na kinasa sauti kikiwa tayari kimewaka, na mtafiti hafiki na slaidi 40. Wakae, wanywe chai, na mwandishi aulize maswali matatu tu: Umejuaje? Una uhakika kiasi gani? Kitu gani kingekufanya ubadili mawazo?

Swali la pili ndilo linalowachanganya. Mtafiti aliyelelewa kwa kuandika majarida huanza na asichokijua, kwa unyenyekevu wa taaluma yake. Msikilizaji akisikia "hatuna uhakika kamili" anaelewa "hawajui lolote hawa". Kwa hiyo ninamwomba mtafiti aanze na lililo imara, ndipo aseme mipaka yake. Mfano: Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, inasema bila kusitasita kwamba shughuli za binadamu zimeipasha dunia joto, na kwamba katika miaka ya 2011 hadi 2020 joto la dunia lilikuwa juu kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko miaka ya 1850 hadi 1900. Hilo ni imara. Kwamba kata fulani ya Rungwe itapata milimita ngapi mwezi Machi, hilo si imara, na ni haki kulisema.

Mwandishi naye aonywe kuhusu neno "huenda". Wanasayansi wa IPCC wakisema jambo lina uwezekano mkubwa sana, wanamaanisha asilimia 90 au zaidi. Mwandishi akigeuza hilo kuwa "huenda", ameligeuza kuwa umbea.

Hatua ya 3: Pimeni maji kwa debe

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji umeme wala projekta. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Basi. Lakini ukiisema hivyo inapita sikioni na kutoka upande wa pili, kwa hiyo lazima ifanyike kwa mikono.

Toka nje ya ukumbi. Chora kwenye udongo mraba wenye mita moja kila upande. Ukikosa futi kamba, hatua moja ndefu ya mtu mzima inakaribia. Jaza maji ndoo au debe la lita 20, umwage taratibu ndani ya mraba. Hiyo ni milimita 20. Sasa mwambie mwandishi amwage debe la pili, kisha nusu debe. Hiyo ni milimita 50, kiwango ambacho mvua ikikizidi ndani ya saa 24, Mamlaka huiita mvua kubwa na kuitolea tahadhari. Udongo mwekundu wa Iringa utakuwa umeanza kuteleza, na viatu vya mtafiti vitakuwa vimechafuka, jambo ambalo husaidia sana mazungumzo.

Halafu fanyeni hesabu pamoja. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Milimita 50 juu yake ni zaidi ya lita 200,000, yaani maboza 20 ya lita 10,000 kila moja yakimwagwa kwenye ekari moja kwa siku moja. Nimemwona mwandishi mzoefu akikaa kimya hapo, akiutazama mlima ulio nyuma ya nyumba za mtaani kwao.

Hatua ya 4: Uwezekano kwa maharage

Tuseme utabiri unasema: asilimia 45 mvua juu ya wastani, asilimia 35 wastani, asilimia 20 chini ya wastani. Vyumba vingi vya habari vitaandika "Mvua kubwa zaja". Kabla hawajafika huko, weka mezani maharage 20: tisa mekundu, saba ya njano, manne meupe. Tia kwenye kikombe, tikisa, mwandishi achomoe moja bila kuangalia. Airudishe kikombeni, mtikise tena, mrudie mara kumi. Kwa kawaida punje nyeupe itatoka, mara nyingine mara mbili au tatu, na hakuna atakayesema kikombe kimedanganya.

Hapo ndipo mwandishi anaelewa kwa nini mwaka wa ukame hauthibitishi kwamba utabiri ulikuwa uongo. Na mtafiti anaelewa kwa nini asilimia peke yake haimsaidii mtu mwenye fedha ya mfuko mmoja wa mbegu.

Ongezeni jambo moja: jumla ya mvua haisemi itanyesha lini. Msimu unaweza kufika juu ya wastani kwa mvua za siku chache za nguvu, katikati kukiwa na wiki tatu za jua linalounguza mahindi yaliyotoa mbelewele. Mwandishi aulize kuhusu mtawanyiko, siku zote.

Hatua ya 5: "Je, ni tabianchi?"

Swali hili litaulizwa kila maji yanapofurika au mto unapokauka. Usiwaruhusu kujibu ndiyo au hapana haraka.

Mfano wetu mzuri ni Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukiacha kutiririka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni rahisi kuulaumu ulimwengu. Lakini watafiti walioufuatilia wameonyesha kidole zaidi kwenye maji yanayochepushwa kwa kilimo cha umwagiliaji bonde la Usangu na hali ya ardhioevu ya Ihefu. Ukisema "tabianchi" hapo unawaondolea watu wajibu ambao wangeweza kuutimiza wiki ijayo.

El Niño nayo, ile hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Kwa kawaida huongeza mvua za vuli kaskazini na pwani. Huku kwetu kusini ishara yake ni dhaifu na hubadilika, kwa hiyo kichwa cha habari cha Arusha hakivaliki Mbeya.

Kwa matukio makubwa ipo sayansi yake. Kundi la World Weather Attribution, lililoanza mwaka 2014, hulinganisha dunia ya leo na dunia ya kwenye kompyuta isiyo na gesijoto za binadamu, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, kisha hukadiria tukio limeongezeka uwezekano au ukali kiasi gani. Mimi huwaeleza hivi: lori likipinduka Kitonga, mteremko ulikuwepo, breki zilikuwa zimechoka, lami ilikuwa na utelezi, dereva alikuwa na haraka. Askari hatafuti kimoja cha kubandika lawama zote. Anauliza kila kimoja kimeongeza hatari kiasi gani.

Hatua ya 6: Kusomeana

Kabla ya kurusha, mwandishi amsomee mtafiti kwa simu vitu viwili tu: kichwa cha habari na sentensi zenye namba. Mtafiti anarekebisha ukweli, hagusi lugha. Akianza kurudisha "kwa mujibu wa uchambuzi wa kitakwimu", mkatalie kwa heshima: "Daktari, hiyo tuachie sisi." Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 7: Daftari la simu

Andika kila swali la msikilizaji, umpelekee mtafiti. Baada ya kipindi cha madebe, mama mmoja wa Isimani alipiga simu: "Debe langu limebonyea upande. Mvua yangu itapungua?"

Tulicheka, kisha mtafiti akamjibu kwa umakini. Mvua hupimwa kwa kina, kwa hiyo chombo chochote chenye kitako bapa na kuta zilizonyooka kinafaa, kiwe chembamba au kipana, mradi kikae sawasawa mbali na mti na paa. Siku hizi ana kopo la maziwa ya unga lililofungwa juu ya nguzo ya kichanja cha vyombo, pamoja na rula ya mjukuu wake. Hulisoma saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa husoma mvua, kisha hulimwaga na kututumia namba kwa ujumbe mfupi.