Jinsi ya kukimbia kupanda Mbeya Peak asubuhi ya sakitu, wewe na mwenzako

Wenzetu wa Kilimanjaro wana theluji, sisi Mbeya tuna sakitu tu, yaani umande unaoganda kwenye nyasi, ila kama hujawahi kuwa mlimani alfajiri ya mwezi wa saba usicheke. Mji uko kama mita 1,700 hivi, kilele kinazidi 2,800, na kila mita 100 unazopanda joto linapungua zaidi ya nusu nyuzi. Kwa hiyo ukiacha nyuzi 8 mjini, juu utakuta kama 1, na hapo upepo sijauhesabu.

Hatua ya kwanza ni raba. Mimi zangu natoa mtumbani Mwanjelwa, na kabla sijauliza bei naikunja raba mbele kwenye vidole, halafu nabonyeza meno ya soli kwa kidole gumba, yakiwa yameisha naacha hata kama rangi inavutia. Angalia na gundi. Kuna siku soli yangu iliachia njiani nikarudi nimeifunga kwa kamba ya kiatu cha mwenzangu, tukawa vilema wawili.

Nguo usivae nyingi. Fulana isiyo ya pamba (pamba ikilowa jasho inakugandisha), jaketi jepesi la upepo, mzula, glovu. Kwenye begi weka fulana kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, hii usiisahau, nitarudi kwake.

Daladala mpaka Mbalizi, halafu boda mpaka kwenye mashamba ya kahawa chini ya mlima, saa kumi na mbili muwe mmeanza. Muulize mwenyeji njia na mwambie mnapanda, msijifanye mnajua.

Sasa mbio zenyewe. Anayechoka haraka ndo anatangulia, hii watu wengi wanakosea, mwenye pumzi anatoka kama risasi mwenzake anabaki nyuma anamfukuzia mpaka anakata moto nusu ya njia. Mimi mwana wangu, mshkaji ninayekimbia naye, ni fundi pikipiki, ana miguu ila pumzi bado, basi yeye mbele mimi nyuma tunapiga stori. Mkishindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, tembeeni. Kwenye mwinuko mkali kabisa hata mimi natembea, mikono juu ya magoti, hatua fupi, wala sio aibu maana ukilazimisha kukimbia pale mapaja yanaisha na kilele bado.

Mkishatoka kwenye miti mkaingia kwenye nyasi ndo mnaikuta sakitu, nyasi zote nyeupe, ukikanyaga zinalia kama unatafuna karanga. Usiku usio na mawingu nyasi zinapoteza joto kuliko hewa yenyewe, ndo maana zinaganda hata kama hewa haijafika sifuri. Hapo kanyaga katikati ya fungu la nyasi, sio kwenye njia iliyong'aa. Halafu jua likitoka ndo hatari zaidi, sakitu inayeyuka udongo unakuwa kama sabuni.

Juu msikae na jasho. Kabla ya picha, kabla ya chochote, vua fulana ya mwilini vaa ile kavu, kisha ndizi na chai ya chupa. Mara ya mwisho mwana alianza na picha, glovu kavua, baada ya dakika chache vidole havimtii, hata kamba za raba kashindwa. Nikapiga goti nikamfungia, huku ananiambia "kaka usije ukamwambia mtu gereji."

Mkubaliane kabla hamjaondoka: mmoja akisema turudi, mnarudi, hakuna mjadala. Mwenzako akiacha stori akaanza kujibu "mh" tu, anatetemeka na kujikwaa ovyo, usimsubiri aseme, mvalishe kila mlichonacho mshuke.

Kushuka, magoti yalegee, hatua fupi za harakaharaka, macho mita tatu mbele. Usiegemee nyuma, utakaa chini bila kupenda. Na boda mpigieni mkifika kwenye miti, sio mkifika barabarani, maana yule jamaa akisema "niko njiani" bado anakunywa supu.