Tanguliza AV1, MP4 ifuate
Wanaoendesha tovuti za vyuo, makanisa au ofisi hapa Dodoma, ambako wasomaji wengi hufungua video kwa bando la simu, wangefanya vyema kuzihifadhi katika AV1, mfumo huria wa kubana video uliotolewa mwaka 2018 na Alliance for Open Media, usiodai ada ya leseni na unaotoa faili dogo kuliko H.264, mfumo wa kubana uliozoeleka ndani ya faili za MP4, kwa ubora uleule. Programu ya bure ya FFmpeg inatosha: chagua kisimbaji (sehemu inayobana video) libsvtav1, kisha anza na CRF 35, yaani namba inayopanga ukali wa kubana, ukikumbuka kwamba namba ikipanda faili hupungua na picha hufifia. Kagua hasa maandishi madogo, na vumbi pia, kwa maana vumbi letu la kiangazi likitimka ni mtihani mgumu kwa mfumo wowote wa kubana. Kazi hii huchukua muda kwenye kompyuta ya kawaida, iache usiku. Usiifute MP4 ya zamani yenye H.264, kwani iPhone za kabla ya 15 Pro haziichezi AV1 katika kivinjari chake cha Safari. Kwenye ukurasa andika chanzo cha AV1 kwanza na cha MP4 baadaye, ukitaja aina ya kila kimoja, maana kivinjari huchukua cha kwanza kinachokiweza.